Majina Matatu Niliyokwenda Nayo Amerika

Tangu nirudi, kila anayenikuta hapa Joburg, Fordsburg ninapolinda magari, ananiuliza, Papa Lidia, Amerika vipi? Kabla sijajibu gari linatoka, namkimbilia mwenye gari, na habari imekatika hapo. Kanisani Berea nako kila mtu amebeba kipande chake, na kuna mmoja amekwisha kusema nilifukuzwa. Sikufukuzwa. Nimekaa chini niandike yote kwa mpigo mmoja, atakayeuliza tena nitampa asome. Shule niliishia darasa la nne, mnivumilie. Habari za viza na makaratasi siandiki. Nyinyi ni wakimbizi, hayo mnayajua kuliko mimi.

Kutoka La Rochelle

Kwa walio wapya, nianze na jambo ambalo wa zamani wamelichoka. Mwaka 2008 mimi na mdogo wangu Evariste tulikuwa tunapanga Malvern, nyumba moja yenye vyumba vingi. Mwenye nyumba ni mzungu anaitwa Deon. Jumapili ile asubuhi Deon alikuja na pikapu na spana, akafungua geti lote, akalipakia, akaondoka nalo. Tulimuuliza, akasema linakwenda kupakwa rangi. Jioni kundi la kuwafukuza wageni lilipita pale pale palipokuwa na geti. Mbele alikuwa Jabu, ambaye kila siku alikuwa anachaji simu chumbani kwetu. Mlungisi ndiye aliyebeba petroli. Gogo Nomvula, bibi wa chumba cha mbele yetu, alinisukuma chini ya kitanda chake, akakaa juu yake akaendelea kumenya viazi, na walipoingia aliwatukana mpaka wakatoka. Mkono wangu ulikuwa umeshaungua. Evariste alikuwa bombani anachota maji. Hakurudi.

Polisi niliwapa majina yote matatu. Yule aliyekuwa anaandika aliandika kwamba waliofanya ni watu wasiojulikana. Nikamwambia wanajulikana, mmoja yuko pale dukani anakunywa soda. Akanipa kiti nikae nitulie.

Ndiyo maana kila nikipewa nafasi ya ushuhuda nayataja. Jabu. Mlungisi. Deon. Najua Mama Fiston husema, haya, tumefika kwenye majina, na watu wa viti vya nyuma wanacheka. Chekeni. Mimi nilitoka Burundi mwaka wa tisini na tatu, kule watu walikuwa wanauawa kwa kundi lao na wanaua kwa kundi lao. Ukiuliza nani kamuua baba yangu unaambiwa ni wale. Wale ni nani? Ni wale. Nimeapa sitasema "wale" tena maisha yangu yote.

Sasa dada yangu Consolata, anayenifuata mimi, alipelekwa Amerika na watoto wake wawili kutoka kambini Tanzania. Kanisa la huko lilimpokea. Akawasimulia habari yangu, wakataka kuniona niende kutoa ushuhuda. Tikiti wakalipa wao. Hivyo ndivyo mlinda magari alivyopanda ndege mwaka 2013.

Siku ya safari Papa Fiston alinichukua nyumbani La Rochelle kunipeleka uwanjani na gari lake, likachemka kwenye robot, taa za barabarani, kabla ya kuingia barabara kuu. Tukashuka, tukafungua boneti, moshi. Pale pale alikuwapo mzungu mmoja wa kuomba, na kipande chake cha boksi kifuani. Alitusaidia kusukuma. Papa Fiston akampa ndizi mbili, akaniambia, "Papa Lidia, umeona, umeanza safari kwa kusukumwa na mzungu. Huko uendako watakubeba mgongoni." Tulicheka mpaka uwanjani. Nilikaribia kuachwa na ndege.

Addis Ababa

Hapa tulilala kwenye viti, ndege ya pili ilikuwa mbovu na hakuna aliyetuambia kitu. Walitugawia injera, ule mkate wao mwembamba, na mchuzi mkali. Kando yangu alikaa mama wa Lubumbashi, mwenye kitenge na viatu vya kiume, anakwenda kwa mwanawe Kanada. Alinitazama nikikataa kipande cha kuku alichonipa, nikakubali aliponipa mara ya pili, kama adabu inavyotaka.

Akaniambia, "Papa, huko wakikuuliza una njaa, sema ndiyo mara ya kwanza. Hawaulizi mara mbili."

Nilidhani anatania.

Basi la kutoka Washington

Consolata alisema kutoka Washington mpaka kwake ni "karibu tu na basi". Nilipanda asubuhi nikashuka kesho yake. Watu wa ndege na watu wa basi kule si watu wamoja. Ndani ya ndege walikuwa wamevaa vizuri. Ndani ya basi weusi ni wengi, na wazungu waliomo ni wale wa ndizi mbili za Papa Fiston. Mimi nimetoka Joburg, mzungu maskini hanishangazi, lakini kule wanaona aibu sana, kama mtu aliyevaa nguo ya mwenzake na mwenyewe yuko njiani anakuja.

Niliketi na mmoja anaitwa Randy, mtu wa makamo kama mimi, meno machache. Kiwanda chake kilifungwa, sasa anakwenda kukaa kwa dada yake. Alikuwa mwema. Alinigawia biskuti, akaniuliza natoka wapi. Alipojua, alianza kunieleza kwamba nchi yao inawajali watu wote isipokuwa wazungu. Weusi wana mwezi wao wa kusherehekewa, wana rais wao, Wamexico wana kazi, na yeye ana nini? Nikamwambia sijui. Akasema yeye ni Mwairishi na anajivunia.

Sasa kwetu Burundi, mtu akikuambia yeye ni wa mahali fulani, unamuuliza mlima gani. Ndiyo heshima. Unauliza mlima, unauliza ni mtoto wa nani, mnatafutana mpaka mnampata mtu mnayemjua wote. Nikamuuliza Randy, mlima gani huko? Hakuelewa. Nikamfafanulia, kijiji gani, wazee wako walizikwa wapi. Akafikiri. Akasema hakuna aliyemwambia, anajua ni Mwairishi tu. Akageukia dirishani. Biskuti akaziweka kwenye begi.

Kosa hilohilo nililirudia Columbus. Basi la kuunganisha lilikuwa limeshaondoka, tukasubiri stesheni mpaka watu wakazoeana. Kulikuwa na mzee mweusi, Bwana Otis, anakwenda kumzika rafiki yake wa jeshini. Alifurahi kumpata Mwafrika, alinishika mkono huu wa makovu bila kuuliza, akaniita ndugu. Nami kwa kuwa ameniita ndugu nikamuuliza: watu wako walitoka mlima gani?

Aliniangalia kama nimemmwagia maji. Kisha akasema polepole, "Mwanangu, hicho ndicho walichotunyang'anya kwanza."

Niliona haya. Yule Randy naye alikuwa amekaa hatua chache kutoka pale, na nilikuwa nimewauliza wote wawili swali moja. Mmoja mlima wake aliuacha mwenyewe njiani, mwingine alipokonywa. Na wote wawili walikuwa wanakunywa kahawa ya mashine ile ile, hawaangaliani.

Denby

Mji wa Consolata unaitwa Denby, uko Indiana. Reli inapita katikati. Upande huu wanakaa wazungu, upande ule weusi, na hakuna ukuta wala kibao. Mimi nimekaa Joburg, najua kusoma mji bila kibao.

Consolata amenenepa, anaendesha gari. Tulilia pale stesheni, kisha akaniambia, "Kaka, hapa ongea polepole na tabasamu." Anafanya kazi ya kuwaogesha wazee katika nyumba ya wazee. Nyumba anayokaa, nyumba nzuri ya vyumba vitatu, ni mali ya mzee wa kanisa anaitwa Dale. Kodi yenyewe ni kama hakuna. Mke wa Dale anaitwa Linda. Ndio waliompa hata kitanda.

Jioni ya kwanza tulialikwa kwao. Linda akaniuliza kama nina njaa. Nikasema hapana, asante, nimeshiba. Akasema sawa, akaondoa sahani yangu. Nilikaa nikiwatazama wakila nyama na viazi vitamu vilivyofunikwa na kitu cheupe cha sukari kama povu la sabuni, na nikamkumbuka mama wa Lubumbashi kwa uchungu.

Walikuwa watu wapole. Hilo niliseme wazi, msije mkadhani walikuwa wakali. Linda aliuliza habari za mke wangu na binti yangu, na alishika karatasi ya kufutia machozi tangu mwanzo. Dale aliniuliza kama wazungu wa Afrika Kusini sasa wanateswa, amesikia hivyo. Nikamwambia mmoja nimemwacha amekula ndizi. Consolata alinikanyaga mguu chini ya meza.

Linda akasema kitu ambacho nilikisikia mara nyingi baadaye kutoka kwa wengine, kwa maneno karibu yale yale. Alisema, "Wewe na Consolata si kama wa hapa. Nyinyi mna shukrani."

Nikamuuliza wa hapa ni nani. Alionyesha kwa kidevu upande wa reli.

Jumapili ya kwanza

Kanisa lao lina mazulia na kahawa. Mchungaji anaitwa Kevin, kijana, anavaa jinzi. Alinikaribisha mbele, Consolata akasimama kando yangu kutafsiri. Kiingereza changu mnakijua, ni cha "rudi nyuma, kata kulia, simama", lakini kusikia nasikia vizuri. Huwezi kulinda magari ya watu miaka mitano bila kujua wanasema nini wakishusha kioo.

Nilisimulia kama ninavyowasimulia nyinyi. Nilipofika kwa Jabu, Consolata alisema kwa Kiingereza: kijana mmoja mweusi. Nilipofika kwa Mlungisi, alisema: weusi wengine. Nilipofika kwa Deon, nikaeleza pikapu, spana, geti, alikohoa kidogo, akasema: nyumba haikuwa na geti. Gogo Nomvula akawa jirani mmoja mwema.

Watu walilia. Hata wanaume. Mchungaji Kevin akashika kipaza sauti akasema, mnaona, chuki haina rangi, weusi wanawaua weusi wenzao, na mzigo huu wa lawama tuliobebeshwa sisi si wetu peke yetu. Baada ya ibada mtu mmoja mnene alinikumbatia, akaniambia nimemtua kitu kifuani. Nilimwangalia nikajiuliza, nimemtua nini? Mdogo wangu amekufa Malvern, na wewe huku ndiye uliyepata nafuu.

Garini nikamwambia Consolata, mbona umemwondoa Deon?

Alikuwa anaendesha, hakugeuka. Alisema, "Deon ni mzungu."

"Najua. Nilikuwepo."

"Na wale waliokuwa wanakusikiliza ni nini? Kaka, wewe utarudi Joburg. Mimi nabaki. Nyumba ni ya Dale."

Nilikuwa mgeni wake, nimelala kwenye kitanda cha mwanawe.

Ng'ambo ya reli

Kazini kwa Consolata yuko mama mmoja mweusi, Loretta, wanafanya zamu pamoja. Huyu alinialika chakula. Consolata hakutaka niende, akasema ana miadi, akanishusha mlangoni akaondoka. Loretta aliniuliza kama nina njaa na mimi nikajibu ndiyo kabla hajamaliza swali.

Alinipa mboga za majani zilizopikwa na nyama ya nguruwe, na mkate wa mahindi. Niliomba kuongezewa. Nilimwambia kwetu mboga hizi tungezipika na mawese, akasema niandike yalipo mawese atayanunua. Nilikuwa nimeshajifunza, lile swali la mlima nikalikalia. Yeye mwenyewe ndiye aliyeanza kunieleza watu wake: babu yake alikuja kujenga hii reli, kazaa hapa, kazikwa hapa. "Wanatuuliza tumetoka wapi," akasema. "Tumetoka hapo nyuma, kwenye kile chumba."

Alikuwapo pia mwana wa dada yake, Marcus, kijana wa kazi za bohari. Alikuwa anatafunia upande mmoja wa mdomo. Taya lilikuwa limefungwa waya, ndio kwanza limefunguliwa. Nikauliza, ajali? Loretta akaeleza. Marcus alikuwa ameketi ndani ya gari lake kwenye maegesho ya duka, anamsubiri mama yake atoke na vitu. Polisi akamuuliza anafanya nini hapo. Akasema anasubiri. Akatolewa ndani akapigwa. Magazeti yao yaliandika kuna "tukio la maegesho". Kanisani kwa Kevin walikuwa wanaliombea, nilisikia kwa masikio yangu, waliomba kwa ajili ya lile jambo gumu lililoupata mji wetu, kama vile mvua ya mawe.

Nikamuuliza aliyempiga anaitwa nani.

Marcus na Loretta wakaangaliana. Loretta akasema, "Todd. Mkwe wa Dale. Kaoa binti wa Linda."

Mimi nimekaa maegeshoni miaka yote hiyo. Najua kukaa ndani ya gari bila kufanya kitu si kosa, nusu ya wateja wangu ndivyo wanavyofanya.

Loretta akaniambia pia jambo ambalo Consolata hakuniambia. Mchungaji Kevin alikuwa ameandaa mkutano wa makanisa mawili, la kwake na la kina Loretta, kwenye ukumbi wa shule, wa kuombea umoja. Na msemaji mkuu ni mimi.

"Utawaambia nini?" akaniuliza.

Nikasema yaliyonipata.

"Nimeshayasikia yaliyokupata," akasema. "Mji mzima umesikia. Weusi walimuua ndugu yako. Siku mbili hizi kazini wananiambia mimi, kama ni mimi niliyeshika kiberiti."

Ukumbi wa shule

Kabla ya kutoka nyumbani Consolata alinipigia pasi shati, akanifunga vifungo kama mtoto. Alisema neno moja tu, nimsaidie. Nikamwambia na yeye anisaidie. Hatukuwa tunagombana, tulikuwa tunaombana.

Ukumbi ulijaa. Wazungu walikaa kushoto na weusi kulia, hakuna aliyewapanga. Dale na Linda walikuwa mbele, na kando ya Linda kijana mwenye shingo nene, kofia magotini. Sikuhitaji kuuliza. Marcus na Loretta walikuwa nyuma, upande wa pili.

Walipoimba wimbo wa kwanza niliona hesabu yangu ilivyo. Nikisema kama Jumapili, Consolata atalala kwenye nyumba yake na Marcus atatoka pale akiwa amepigwa mara ya pili, na safari hii fimbo ni maiti ya mdogo wangu. Nikisema yangu, watoto wa Consolata watafunga mizigo. Evariste ni ndugu yake pia. Wala sikuwa na uhakika. Mpaka nasimama sikuwa na uhakika.

Consolata alisimama nami. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Asante dada. Kaa." Alibaki amesimama kidogo, kisha akakaa, akaangalia viatu vyake.

Nikaongea Kiingereza changu cha maegesho. Nilikuwa nasema polepole, na neno nisilolijua nalionyesha kwa mkono. Nikawaambia: Jumapili mlisikia kwamba mdogo wangu aliuawa na weusi. Mimi weusi siwajui. Weusi ni wengi, na mimi mwenyewe ni mmoja. Ninaowajua ni Jabu, aliyekuwa anachaji simu kwangu. Ninamjua Mlungisi, aliyebeba petroli. Ninamjua Deon, mzungu, mwenye nyumba, aliyejua watu wanakuja, akaja asubuhi akafungua geti lake lisije likaharibika, akatuacha sisi. Nikaonyesha na spana kwa mikono, jinsi alivyofungua bawaba ya juu, kisha ya chini. Na ninamjua Gogo Nomvula, aliyekaa juu ya kitanda. Nikasema: wale sina la kuwasemea. Nina majina tu. Kwetu polisi waliandika hawajulikani. Nimekuja mbali sana kuwaambia kwamba wanajulikana.

Sikumtaja Todd. Andikeni hilo vizuri, kwa sababu kuna wanaosema nilimtaja. Halikuwa langu.

Nilikaa. Hakuna aliyepiga makofi. Mchungaji Kevin akaja mbele, akasema tuinamishe vichwa.

Vichwa vilikuwa vimeshaanza kuinama Loretta aliposimama kule nyuma. Hakupaza sauti, ni mtu wa kuogesha wazee, sauti yake ni ya hivyo. Alisema, "Kabla ya kuomba. Aliyemvunja Marcus taya anaitwa Todd. Todd, uko hapo mbele karibu na mama mkwe wako. Mimi nilikufundisha kuogelea ukiwa na miaka sita."

Todd aliangalia kofia yake. Linda alikuwa na ile karatasi ya machozi, lakini hakulia, aliikunja mara nyingi mpaka ikawa ndogo kama kidonge. Dale aligeuka nyuma akasema kwa upole kabisa kwamba hapa si mahali pake. Loretta akamuuliza mahali pake ni wapi, aende. Kevin akaomba, akaomba muda mrefu, akaombea lile jambo.

Baada ya hapo watu walikunywa kahawa. Hakuna kelele, hakuna aliyepigwa. Mimi nilitegemea vurugu, nimezoea za kwetu. Wao walikunywa kahawa na keki, kila mtu upande wake, na hakuna aliyekuja kunishika mkono upande wa kushoto. Yule mnene wa kifua alipita kando yangu kama ninavyopita mimi kando ya tairi la akiba.

Kurudi

Dale alikuja nyumbani kesho kutwa yake, akiwa na boksi la matofaa. Alisema mtoto wao wa mwisho anataka kurudi Denby, kwa hiyo nyumba itahitajika, lakini Consolata asiwe na haraka, mpaka mwisho wa mwezi ujao. Akatuombea. Matofaa akatuachia. Nilitaka kumwambia walau yeye hakubeba mlango, lakini nilikuwa nimeshaongea vya kutosha.

Siku zilizobaki Consolata aliongea nami mambo ya lazima tu, taulo iko wapi, chai imeiva. Alinipeleka stesheni mwenyewe. Basi lilichelewa, tukakaa garini dirisha limefungwa kwa sababu ya baridi.

Akasema, "Hukuniuliza."

Nikasema, "Na wewe Jumapili hukuniuliza."

"Mimi nilikuwa nalinda watoto."

"Najua."

"Na wewe ulikuwa unamlinda nani? Evariste amekufa, kaka. Halindiki."

Nilifikiri nimwambie habari za Marcus na taya lake. Nikaona anaijua kuliko mimi, anafanya kazi na Loretta kila siku. Basi likaja. Alinibebea begi mpaka mlangoni mwa basi, akaliweka chini, akarudi garini bila kunikumbatia. Njia nzima mpaka Addis sikukataa chakula hata kimoja na sikumuuliza mtu mlima wake.

Huo ndio mwisho wa safari. Todd, mkiuliza, bado ni polisi, wamemhamishia ofisini. Consolata na watoto wako ng'ambo ya reli, vyumba viwili, juu ya duka la kufua nguo. Loretta ndiye aliyewatafutia. Kanisa amebadilisha. Kila Jumapili alikuwa anapiga simu, anaongea na Mama Lidia, anaongea na Lidia, mimi ananisalimia kupitia kwao.

Juma lililopita ndipo alipoomba apewe mimi. Alisema ameambiwa na Mama Lidia kwamba nimemwona Deon. Tangu siku ile garini sikuwahi kulisikia jina hilo mdomoni mwake.

Ni kweli. Alikuja Fordsburg kununua vigae, na pikapu ile ile. Nilimwonyesha nafasi, akaegesha. Aliposhuka nikamwambia, habari za asubuhi, Deon. Akajibu bila kunitazama, "Sharp, rafiki yangu, niangalizie gari." Akaingia dukani.

Consolata akauliza, "Hakukujua?"

"Hakunijua."

"Ukafanya nini?"

"Nikaangalia gari."

Nilikuwa nasikia mashine za kufulia chini ya nyumba yake.

"Akirudi," akasema, "muulize kama ana dakika moja, kisha mpe simu. Nitaongea naye mimi. Kiingereza changu atakielewa chote."

Siku hizi simu naichaji kabla sijatoka La Rochelle, inajaa kabisa.